Tochi ya mlinzi wa ghala: betri ya laptop kwenye chaja isiyojua kusimama

Naandika hiki kisa kwa urefu kwasababu marekebisho ya aina hii nayaona sana hapa Mtwara. Mtu ana tochi ya kuchaji, ile yenye pini mbili za kukunja unaichomeka moja kwa moja ukutani, betri ya ndani ikichoka anaitoa anaweka seli ya betri ya laptop, zile za duara ndefu wanaziita 18650, tochi inawaka kuliko ilivyokuwa mpya na kila mtu anafurahi. Na ni kweli inawaka. Ila hii niliyoifungua mimi iliishia kutoa moshi ndani ya nyumba yenye watoto, na nilipoifuatilia hatua kwa hatua nikakuta kila kilichoharibika kina sababu yake na sababu zote zinaanzia sehemu moja: ile betri ya zamani iliyotolewa ilikuwa inafanya kazi tatu, na hii iliyowekwa badala yake inaweza moja tu.

Mwenye tochi ni mjomba wangu, analinda ghala la korosho upande wa Naliendele. Korosho zikianza kuingia mwezi wa kumi ghala linajaa magunia mpaka karibu na bati, na mlinzi usiku hakai, anazunguka, anamulika kufuli, anamulika nyuma ya ukuta, anazima, baada ya muda anarudia tena. Betri ya awali ilipokufa akaipeleka tochi kwa kijana mmoja fundi simu pale Chikongola, kijana mzuri tu na nasema hivyo mapema kwasababu lehemu zake nilizozikuta ndani ni za mtu anayeijua kazi. Akaweka seli ya laptop, akaweka na kibodi cha kulinda betri, ile bodi ndogo ya saketi, yaani usalama aliufikiria kabisa, afu mjomba akamwambia "mwanangu niongezee na mwanga kidogo" na mwanga ukaongezeka.

Mwanzoni mjomba aliisifia kwa kila mtu, ilikuwa inamulika mpaka kule kwenye mikorosho ng'ambo ya uzio. Lalamiko lake lilikuwa moja, kwamba inafifia kabla ya alfajiri. Baada ya muda vibalbu vikaanza kubadilika, mwanga ukawa wa bluu bluu, vikawa vinakufa kimoja kimoja, lakini chaji sasa ikawa inakaa, tena inazidi kukaa, mpaka mjomba akaamini betri "imeshazoea". Mtaona huko mbele kwamba hiyo ndo ilikuwa dalili mbaya kuliko zote. Afu akapata msiba Newala, akasafiri, tochi akaiacha imechomekwa ukutani ili akirudi aikute imejaa.

Mkewe ndo aliyekuwa nyumbani. Usiku akasikia kitu kimelia paa, sio kwa nguvu, ikaja harufu tamu tamu kama ya ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, na baada ya muda kidogo ikaja harufu nyingine kabisa ya plastiki inayoungua na moshi juu yake. Alichofanya ni sahihi na nataka kila mtu akijue: hakuikimbilia tochi, alizima swichi ya soketi kwanza ndo akaichomoa kwa kitambaa kikavu akaipeleka uani kwenye mchanga mbali na jiko, watoto akawatoa nje. Moshi wa hizi betri una sumu kwenye mapafu, sio wa kusogelea kuangalia.

Nilipoletewa, kabla ya kufungua screw niliunganisha zile pini mbili za ukutani kupitia rezista, kwasababu kwenye tochi za hivi kuna kapasita ambayo inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa na ikakurusha mkono. Ndani nikakuta hivi. Upande wa mbele sahani ya LED 12 zile ndogo za milimita 5, saba zimekufa, tano zinawaka kwa shida ukizipa umeme wa nje. Nyuma yake bodi ya kahawia, pameandikwa R2 lakini rezista haipo, kuna kipande cha waya kimelehemiwa kutoka tundu hadi tundu, kimekaa sawasawa kabisa. Pembeni kapasita imeandikwa 105J 400V, daiodi nne 1N4007 za kugeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa upande mmoja, kirezista na kitaa chekundu cha kuonyesha inachaji. Transfoma hakuna. Seli yenyewe plastiki yake ya nje imesinyaa, kwenye kofia ya upande wa chanya pamelowa na kukauka pakaacha alama, na kile kibodi cha ulinzi kimeungua kikawa cheusi.

Nikapima seli, mita ikasoma sifuri. Sio volti mbili, sio moja na kitu, sifuri kabisa, na ukipima kama kuna njia ndani yake hakuna njia. Seli ya lithiamu iliyoisha chaji hata vibaya vipi kwa kawaida inabaki na kitu kidogo. Sifuri ya namna hii na njia imekatika maana yake ni kwamba kile kidude cha usalama kilichopo chini ya kofia ya chanya kimejitenga, kazi yake ni hiyo, presha ya gesi ndani ikipanda sana kinakata mawasiliano moja kwa moja na hakirudi. Na palipolowa ni pale seli ilipopumua, ile harufu tamu ni ya maji maji yake ya ndani. Kwahiyo ndani ya seli gesi ilijaa, na kwenye seli iliyokuwa imekaa tu ukutani inachaji sababu ya kwanza ya kuitafuta ni moja, ilichajiwa kupita kiwango chake.

Sasa swali linakuja, ilipitaje kiwango wakati kibodi cha ulinzi kilikuwepo? Hapa ndo penye utamu wa kisa na naomba mnivumilie kidogo.

Ile chaja ya ndani ya tochi sio chaja kama ya simu. Chaja ya simu inatoa volti 5 na inazishikilia hapo hapo. Hii ya tochi ni kapasita tu imewekwa njiani kati ya umeme wa ukutani na betri, na kapasita kwenye umeme wa kwenda na kurudi inapitisha kiasi fulani cha mkondo kulingana na ukubwa wake. 105 maana yake ni mikrofaradi 1, na kwa umeme wetu wa volti 230 na hezi 50 mikrofaradi 1 inapitisha kama miliampia 70, ukishapita kwenye daiodi nne unabaki na 65 hivi wa kwenda kwenye betri. Huo mkondo haujali mbele kuna nini. Betri iko tupu, 65. Betri imejaa, 65. Ni bomba lisilo na koki linaloingia kwenye pipa, pipa likijaa maji hayaulizi.

Na betri iliyotoka nayo kiwandani ililijua hilo. Ni betri ya asidi ya volti 4, iliyozibwa, ndogo, na teknolojia yenyewe ni ya zamani sana, Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859. Betri ya asidi ikijaa na ukaendelea kuisukumia mkondo mdogo, ule mkondo wa ziada unapasua maji ya ndani yanakuwa gesi ya haidrojeni na oksijeni, betri inapungua maji na kila mwezi inazidi kuchoka, ndo maana tochi hizi huwa hazikai sana, lakini haiwaki moto kwa hilo. Yaani ziada inaimeza. Kazi yake ya kwanza ni kuhifadhi chaji, na ya pili ni kuwa koki ambayo chaja haina.

Seli ya lithiamu haimezi ziada. Tangu Sony walipoingiza hizi betri sokoni mwaka 1991 sharti lake limebaki lile lile, lazima iwe na chaja inayojua kusimama, na kwa hizi za laptop mwisho ni volti 4.2. Ukiendelea hapo, hata kwa mkondo mdogo, lithiamu inaanza kujibandika kama chuma sehemu isiyotakiwa, maji maji yanaoza, gesi inatoka na joto linapanda. Mjomba aliokolewa na udogo wa ule mkondo, gesi ilijaa taratibu na kidude cha usalama kikapata nafasi ya kukata. Kwa ampia moja nzima naamini tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Tuje kwenye kibodi cha ulinzi. Hivi vibodi vingi vina chipu mbili, DW01 inayopima na 8205 ambayo ndo swichi yenyewe. DW01 ikiona seli imefika kama volti 4.3 inaiambia 8205 ikate. Watu wengi wanaamini hapo mchezo umeisha, na ukitumia chaja ya volti 5 ni kweli umeisha, 8205 ikikata inabaki na tofauti ya chini ya volti moja pande zake mbili, inapumzika. Lakini nyuma yake hapa kuna chaja ya kapasita, na chaja ya kapasita ukiikatia njia haikubali, mkondo wake unatafuta pa kupita na volti zinapanda kwa kufukuza kilele cha umeme wa ukutani ambacho ni 325. 8205 imeundwa kuvumilia volti 20. Zikipita hapo inaanza kuvuja kwa nguvu, volti 20 mara miliampia 65 ni wati 1.3, kwenye kichipu cha milimita 3 kwa 4 kisicho na pa kupozea. Inachemka, inakufa, na mosfeti, yaani swichi ya aina hii ya 8205, ikifa kwa namna hiyo mara nyingi inakufa kwa shoti. Swichi iliyokufa kwa shoti ni swichi iliyowashwa milele.

Najuaje kwamba ilikufa kwanza kabla ya seli? Nilipima miguu ya 8205 kwenye kile kibodi cheusi, kote kuwili inasoma shoti. Afu kuna hoja nyepesi zaidi, kama ingekuwa nzima wakati ule seli isingepita 4.3 na gesi isingejaa. Kwahiyo mpangilio ni huu, seli ikajaa, kibodi kikakata kama kinavyotakiwa, chaja ikakiua, na kuanzia hapo seli ikawa inachajiwa bila mlinzi yeyote.

Na zile harufu mbili zinaeleweka sasa. Ya kwanza ni seli ilipopumua. Seli ilipojikata, chaja ikakosa tena pa kupeleka mkondo, volti zikapanda kwa mara ya pili, safari hii zikakiangukia kibodi chote, ndo kikaungua na plastiki ya jirani ikaanza kuyeyuka. Kwahiyo tochi ilitoa moshi baada ya betri kuwa imeshajitoa. Nimekaa na hilo jambo sana, kwamba ule usalama wa ndani ya seli ulifanya kazi vizuri na bado nyumba ilikuwa inaelekea kuungua kwasababu ya kilichobaki nje yake.

Kuna kitu bado hakijajibiwa. Kama chaja ni mbovu kwa lithiamu kwanini haikutokea wiki ya kwanza? Jibu liko kwenye ule waya wa R2.

Kwenye bodi ya mwanzo pale huwa panakaa rezista ndogo, kwenye tochi za aina hii ni ohm 2 na kitu, inapunguza mkondo unaoenda kwenye LED. LED hizi za milimita 5 zinataka kama volti 3.2 na miliampia 20 kila moja, zote 12 ni 240. Ile betri ndogo ya asidi nayo ikibanwa na mzigo inalegea, volti zinashuka, kwahiyo rezista na ulegevu wa betri vinasaidiana kuzilinda LED. Hiyo ndo kazi ya tatu niliyosema. Seli ya laptop hailegei kirahisi, imetengenezwa kutoa ampia kadhaa bila kutetereka. Ukiweka seli ngumu hivyo na ukatoa na rezista ukaweka waya, LED zinakula zinavyotaka. Nilichukua moja kati ya zile tano nikaiunganisha moja kwa moja na seli yenye 4.1, ikala zaidi ya miliampia 50. Mwanga unapanda ndio, ila ile poda ya njano iliyo juu ya LED, ambayo ndo inageuza bluu kuwa nyeupe, inaungua kwa joto, na LED inarudi kwenye rangi yake ya asili. Ndo ule ubluu mjomba aliokuwa anauona.

Sasa pigeni hesabu ya siku moja. Mjomba anarudi asubuhi, anachomeka tochi kwenye saa moja, anachomoa saa kumi na moja jioni, masaa kumi, miliampia 65, zinaingia miliampia-saa 650. Usiku ukijumlisha muda inapowaka kweli tuseme masaa mawili. Wakati LED zote 12 ni nzima zinakula 600 na zaidi kwa saa betri ikiwa na nguvu, kwahiyo matumizi yanazidi kinachoingia, seli haijai hata siku moja, tochi inafifia kabla ya alfajiri na hakuna hatari yoyote. LED zilipoanza kufa matumizi yakashuka. Zilipobaki tano dhaifu zikawa zinakula labda 150 mpaka 200, kwa masaa mawili ni 300 au 400, na kinachoingia bado ni 650 ile ile. Kila siku inabaki ziada, chaji "inakaa", mjomba anafurahi betri imezoea, kumbe inapanda kila siku kuelekea 4.2. Safari ya Newala ilimalizia tu. Hata bila msiba ingefika, ni suala la siku.

Kwahiyo kuongeza mwanga ndo kulikoua LED, na kufa kwa LED ndo kulikoijaza betri. Sijawahi kuona kisa ambacho makosa mawili yanashikana mikono vizuri hivi.

Jambo la kurushwa na umeme niliseme hapa maana watu wanalipita haraka. Chaja ya kapasita haina transfoma, maana yake hakuna kitu kinachotenganisha umeme wa ukutani na ndani ya tochi. Wakati inachaji kila kitu mle ndani, waya wa betri, miguu ya LED, bati la swichi, kina umeme wa 230 ukikigusa huku umesimama chini. Usiifungue ikiwa imechomekwa, usishike mita kupima betri huku inachaji, na kama kioo cha mbele kimevunjika usiichaji kabisa kwasababu mtoto atagusa LED. Hiyo ni hata kwa tochi mpya ya dukani ambayo haijaguswa na fundi.

Matengenezo. Nilikata zile pini za ukutani nikaziba matundu yake kwa gundi ya epoksi, kapasita na daiodi zote nikazitoa, nataka hata mtu akija baadae asiweze kuirudisha. Mahali pa pini nikatoboa tundu dogo nikaweka moduli ya TP4056, yaani bodi ndogo ya kuchaji seli za lithiamu, yenye mdomo wa Type-C, ile yenye pedi za B (za betri) na za OUT (za kwenda kwenye taa), hiyo inakuja na DW01 na 8205 zake ndani na hapa zipo salama kwasababu kinachoingia ni volti 5 tu. TP4056 inashikilia 4.2, mkondo ukishuka mpaka sehemu ya kumi ya ulioanza nao inakata yenyewe na taa inabadilika rangi. Inakuja na rezista ya 1.2k ambayo ni ampia 1, mi nikaitoa nikaweka 2k ikashuka kwenye miliampia 580. Sababu ni mbili, seli imeshatumika, na moduli hii tofauti ya volti yote inaigeuza joto, kwa ampia 1 ni zaidi ya wati moja ndani ya plastiki iliyofungwa, na joto la hapa kwetu mnalijua. Halafu angalizo dogo, baadhi ya hizi moduli za Type-C hazina zile rezista mbili za 5.1k kwenye mdomo, kwahiyo ukitumia waya wenye Type-C pande zote mbili hazichaji na mtu anadhani imekufa, tumia waya wa kawaida wenye USB kubwa upande wa chaja.

LED nikabadilisha zote 12, na badala ya rezista moja ya pamoja kila LED nikaipa yake ya ohm 47. Hesabu: 4.2 kutoa 3.2 ni volti 1, gawa kwa 47 unapata miliampia 21, betri ikishuka mkondo unashuka nao. Rezista moja kwa zote ina tabia kwamba LED moja ikifa zilizobaki zinagawana mkondo wake, zinachemka, inayofuata inakufa haraka zaidi. Ukitaka mwanga mkubwa wa kweli usibane hizi ndogo, weka LED moja ya wati 1 kwenye bati la alumini na chipu ya AMC7135 ambayo inashikilia miliampia 350 bila kujali betri iko wapi, unaweza kuitoa kwenye bodi za tochi mbovu. Mjomba hakutaka, anataka ile inayotawanya mwanga.

Kwenye seli nilikaa muda mrefu zaidi. Niliichagua kwenye pakiti ya laptop iliyokufa, zilizokuwa chini ya volti 2 niliziweka pembeni moja kwa moja bila kuzijaribu kuzifufua, zilizobaki nikazichaji huku nazishika shika, yoyote inayopata moto wakati wa kuchaji haifai. Zikishajaa 4.2 nikaziacha zimekaa wiki hivi, iliyoshuka chini ya 4.1 bila kutumika inavuja ndani, haifai. Uzito nao unasema, 18650 ya kweli inacheza kwenye gramu 45, sonara yeyote ana mizani ya kukupimia. Zile mpya za dukani zilizoandikwa ujazo wa miliampia-saa 9900 achaneni nazo, kwa umbo hili hata za viwanda vikubwa huwa 3500 au juu kidogo ya hapo, na ukizipima hizo za 9900 nyingi ni nyepesi mpaka unajiuliza ndani kuna nini. Pia usichome lehemu moja kwa moja kwenye seli, acha zile riboni za nikeli zilizokuja nayo uchomee hapo. Na plastiki yake ikichanika karibu na chanya ibadilishe, kwasababu ganda lote mpaka kwenye mabega ya juu ni hasi, mkwaruzo mdogo unatosha kupiga shoti.

Swichi ilikuwa imeota ukijani wa chumvi, bahari iko karibu, nikaisafisha kwa spiriti basi.

Matokeo yake LED 12 zinakula kama 200, seli ina 1800 hivi, ni masaa tisa ya kuwaka mfululizo, mjomba anamaliza usiku wake na kubaki. Anaichaji kwa chaja ya simu yake. Nimemwambia aichaji ikiwa imezimwa, kwasababu taa ikiwaka TP4056 inaona mkondo bado unatembea na haifiki pale pa kukata. Ile seli iliyopumua ilikaa kwenye ndoo ya mchanga nje, nimeifunga ncha zake kwa tepu, sijaitupa jalalani wala sijaitoboa.

Nilirudi kwa yule kijana Chikongola na bodi mkononi, sio kumlaumu, maana kibodi cha ulinzi alikiweka kwa nia njema na ni kitu ambacho wengi hawaweki. Tulikaa tukaifuatilia pamoja mpaka kwenye 8205. Akauliza swali zuri sana: "Sa kaka, si ningeiweka tu hiyo TP4056 katikati, ile chaja ya ukutani ibaki, afu betri mbele yake?"

Haiwezekani, kwa sababu tatu. TP4056 inavumilia mwisho volti 8 kuingia, na ikimaliza kuchaji inakata, yaani yanarudi yale yale ya kibodi, volti zinapanda zinaiua. Pili inataka kuvuta mamia ya miliampia wakati kapasita inatoa 65, itakuwa inawaka na kuzima. Ya tatu ndo iliyomfanya anyamaze: moduli ina mdomo wa Type-C wa chuma unaotokeza nje ya tochi, na chaja haijatenganishwa na ukuta, kwahiyo siku mtu akichomeka pini ukutani ule mdomo wa chuma unakuwa na umeme wa 230, hapo hapo kwenye kiganja cha aliyeishika. Mteja aking'ang'ania kuchaji ukutani na tochi ni kubwa ya kutosha, chukua bodi nzima ya chaja ya simu ya volti 5 yenye transfoma yake, iweke ndani, mdomo wa Type-C usiutoe nje, waya za volti 5 ziende TP4056. Tochi ikiwa ndogo kama hii pini zinakatwa.

Akaniomba nimuachie ile bodi nyeusi. Ameiweka kwenye kioo cha meza yake, mteja akija na tochi ya pini anamuonyesha kwanza ndo wanaongea bei.